Vivimbe vya Mke wa Spoku

Kwenye pembe ya duka la vifaa vya ujenzi pana benchi refu ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya, na hapo serikali zote za dunia huangushwa na kusimikwa upya kabla ya adhuhuri. Mwenye benchi ni fundi baiskeli, wanamwita Spoku. Mwenye maneno ni kinyozi wa mlango wa pili, Spika, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa huja kunyoa watu kwa mdomo. Wa tatu ni Mzee Faili, mstaafu wa masjala. Asubuhi hiyo Spoku alikuwa amefura. Alikuwa anang'oa tairi kana kwamba limemtukana mama yake.

— Wanataka kumpasua mke wangu, alisema. Jumatatu! Na mimi naambiwa wa mwisho, kama jirani!

— Ana nini shemeji? Spika akauliza.

— Vivimbe kwenye kizazi. Kimoja kama chungwa, vingine vidogo. Eti watatoa vivimbe, kizazi wakiache. Ila damu ikizidi, wanakitoa chote.

— Umeisikia hiyo "ila"? Spika akarukia. Hiyo ndiyo yenyewe! Watu wale wakishashika kisu hawana breki.

— Mtaa wa nyuma yupo mama mmoja alitolewa, Mzee Faili akasema polepole, kama anayefungua jalada. Sauti imekuwa nzito. Akipiga simu, watu wanamwitikia "naam, baba".

— Na ndevu?

— Ndevu zinakuja kwa awamu.

— Halafu pale palipotolewa kitu panabaki wazi, Spika akaongeza. Hewa inaingia. Mtu anakuwa tairi bila tyubu.

— Mimi nalaumu sakafu ya saruji. Mwanamke akiikalia, baridi inapanda, inaganda, ndilo hilo chungwa.

— Saruji wapi, Mzee! Ni simu. Wanazilaza mapajani kutwa, zinawapika.

Siku nyingine Spoku angecheka mpaka aweke spana chini. Leo kila neno lilimkaa vizuri, lilipoza hasira yake na kuichochea papo hapo. Alikuwa amekwishamwambia mkewe kwamba haendi mtu hospitali. Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa meza, anavuta pumzi.

Mwenye baiskeli yenye pancha alikuwa amekaa pembeni ya benchi na kikombe chake, mwanamke wa makamo, mgeni pale. Aliposikia habari ya tyubu akaweka kikombe chini.

— Fundi, mimi ni mkunga. Nikuulize kitu kidogo?

— Uliza, mama.

— Mkeo anatoka damu siku ngapi kwa mwezi?

Spika akakohoa. Mzee Faili akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Mama, hayo ni mambo ya ndani, Spika akasema.

— Ndevu mmezijua, hewa mmeijua, saruji mmeijua, mkunga akasema, na sauti ilikuwa imeanza kutetemeka kwa hasira. Hamkuona ni mambo ya ndani. Nimemuuliza mwenye mke.

Spoku alitaka kusema nne. Kisha akakumbuka kamba ya nyuma ya nyumba, vitambaa vyeusi kila alipopita. Akakumbuka godoro lililogeuzwa, likageuzwa tena. Na sokoni, mkewe alivyoketi juu ya gunia la mtu katikati ya njia, akisema anapumzika kidogo tu.

— Sijui, alisema.

Alimaliza kuziba pancha, akaenda nyumbani na mikono ya grisi. Mkewe alikuwa kitandani, anakunja nguo za watoto akiwa amelala ubavu.

— Mama watoto, damu inakutoka siku ngapi?

Akamtazama kwanza.

— Kumi na mbili. Mwezi huu ni ya kumi na saba leo.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikwambia mara tatu. Ya kwanza ukasema nipunguze kazi. Ya pili ukasema wanawake wote ndivyo walivyo. Ya tatu ulikuwa unatazama mpira.

Akasema la kiume tu:

— Basi nitasaini hiyo fomu ya upasuaji.

— Nimeshasaini. Juzi. Daktari aliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Hakuniuliza kama mume wangu ameelewa.

Hasira ilimpanda Spoku mpaka masikioni, ikakosa wa kumwangukia, ikamrudia mwenyewe. Akaketi sakafuni, kwenye saruji.

— Nieleze na mimi, alisema. Taratibu.

Akaelezwa, na hakumkatiza.

Jumatatu upasuaji ulichukua saa tatu. Walitoa vivimbe saba na kumwongeza damu chupa mbili. Kizazi kikabaki. Mkewe alipofumbua macho, Spoku alikuwa kando ya kitanda, bado na nguo zake za kazi.

— Wamekiacha, alimwambia haraka. Kipo. Wamekiacha.

— Mimi je, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, nipo?

Spoku akaushika mkono wake, akausogeza shavuni pake.