Yakub Kirunda na Gari la Wazazi

Tarehe 30 Novemba 1979, Bwana Yakub Kirunda anastaafu baada ya kuendesha gari la Kliniki ya Wazazi ya Mwangaza kwa miaka ishirini na minane: kumi na mitano Jinja, na kumi na mitatu hapa Mbale. Mimi, mkunga Beldina Ouma, nimeombwa niandike machache kwa niaba ya wenzake.

Alizaliwa Buwenge, akaajiriwa Jinja kama mfagiaji. Siku moja daktari alimkuta amelala chini ya gari, akadhani anakwepa kazi. Kumbe alikuwa ameona mahali maji yanapovuja. Kabla mwaka haujaisha alipewa ufunguo. Wazazi watatu wamejifungua akiwa kwenye usukani, na mmoja wa watoto hao anaitwa Pijo mpaka leo, kwa kuwa gari letu ni Peugeot.

Kwa kuwa kliniki haina gereji, kila miezi sita alilipeleka gari nyumbani kwake Nakaloke kusafisha rejeta. Alisubiri injini ipoe kabisa, wala hakuruhusu mtu kugusa kifuniko kabla ya hapo. Akafungua koki ya chini, yakatoka maji ya kutu yenye rangi ya chai, naye akayakinga kwa karai ili kuku wasiyanywe. Kisha alichomeka mpira kutoka tangi la mvua, akasukuma maji kinyume na njia yake ya kawaida, mara nyingi, mpaka yatoke meupe. Kujaza upya ndiko kulikochukua muda: kikombe kwa kikombe, injini ikinguruma taratibu, hewa yote itoke. Tulimtania kwamba anamnywesha mtoto uji. Lakini katika miaka ile ambayo vipuri vilipotea madukani na magari ya watu yakageuka vibanda vya kuku, la kwetu lilitembea.

Jumapili moja ya Agosti 1977, maji yakiwa yametolewa yote na mipira imefunguliwa, askari wanne waliingia uani kwake. Gari lao lilikuwa limechemka barabarani. Mkewe, Bi Mariat, alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Wewe mzee, gari hii iko ya nani?" aliuliza sajenti.

"Ya kliniki, afande. Ya kubeba mama wenye uchungu."

"Funga sasa hivi. Tunachukua."

"Afande, nikifunga sasa, uchafu umebaki ndani. Itachemka kabla ya Tororo."

Sajenti akamwekea bunduki kifuani. Spana ikamponyoka Bwana Yakub. Akainama, akaiokota.

"Leteni yenu, afande," akasema. "Nitatengeneza. Mtaenda na gari yenu."

Walilisukuma mpaka uani. Nalo lilikuwa Peugeot kama letu. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka, na ndani mlijaa matope. Bwana Yakub alikuwa na mpira mmoja mpya, alioungoja miezi saba utoke Kisumu kwa ajili ya gari la kliniki. Akawafungia wao. Akasafisha rejeta yao hadi tangi likakauka, na Bi Mariat akaenda kisimani mara sita. Saa tisa askari wakaondoka.

Ndipo alipourudisha mpira wetu wa zamani uliokwisha chakaa, akauzungushia vipande vya tyubu, akajaza maji, akaja kazini. Alinikuta mlangoni na Nabalayo, mama wa mtaa wa viwandani, mtoto amelala vibaya tumboni na nguvu zinamwishia. Bila upasuaji angekufa. Tulimfikisha hospitali kuu, gari halikuchemka, na usiku ule alipata binti. Wote wawili wazima.

Mjini, hata hivyo, habari iliyoenea ni kwamba Kirunda anawatengenezea askari magari. Watu wakaacha kumsalimia. Hata mimi nilinyamaza kila alipoingia chumba cha chai. Tulimwogopa yeyote aliyeonekana karibu na jeshi. Hakujitetea. Aliendesha kwa mpira ule wa viraka mwaka mmoja na miezi miwili, akisimama kila baada ya maili chache kuukagua. Tumeujua ukweli Mei mwaka huu, Bi Mariat alipokuja kliniki kumwona mgonjwa, akasikia mtu anamsema mumewe. Alitueleza yote akiwa amesimama, kwa hasira, kisha akaondoka bila kuaga.

Bwana Yakub, tunakushukuru kwa kila mama uliyemfikisha. Tena tunakuomba radhi, nami wa kwanza, kwa miezi ile uliyokunywa chai peke yako. Mwenyezi Mungu akujalie wewe na Bi Mariat afya, amani na miaka mingi ya kupumzika. Ukipita Mbale, ingia tu. Kiti chako kipo, na sote tuna mengi ya kuzungumza nawe.