Mama Nyuzi na Mashine Sitini na Nne

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mfumaji. Wengi mlimjua kwa jina la utani, Mama Nyuzi. Alifuma vitambaa kiwandani miaka thelathini na mmoja. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na mbili. Binti yake, ambaye ni mkunga, anasema mama alifariki asubuhi baada ya kubishana na daktari kuhusu chumvi. Kwa hiyo alifariki akiwa mzima wa akili kabisa.

Miaka miwili iliyopita, kiwanda kilitoa kitabu cha historia yake. Karatasi za kung'aa, picha tele. Mama Nyuzi alivaa miwani, akakisoma mezani jikoni ukurasa kwa ukurasa. Mameneja wamo. Makanika wamo. Hata mbwa wa mlinzi yumo, tena na picha. Lakini wanawake wa ukumbi wa kufuma, wanawake sitini na wanne, hakuna hata mmoja. Inauma, wasikilizaji. Aliandika barua kuuliza, akajibiwa kwamba kumbukumbu zao hazikuonekana.

"Hazikuonekana?" alimwambia mdogo wake, dereva mstaafu wa lori. "Mimi huyu nimekaa hapa nakunywa chai. Nani hanioni?"

Mdogo wake akamwambia mwenye nguvu mpishe. Mama Nyuzi akajibu kwamba wampishe wenye haraka, yeye hana pa kwenda. Akaamua kutengeneza tovuti. Narudia: tovuti! Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa.

"Dada, hata simu unaishika kama pasi ya moto."

"Nyuzi elfu mbili nilizimudu kwa mpigo. Hizi herufi ziko ngapi?"

Alijifunza kwenye kompyuta kuukuu ya binti yake. Kila mwanamke alimpa ukurasa: jina lake, mashine yake, tabia yake. Mmoja alimwandika hivi: "Aliimba vibaya, na hakuacha."

Kazi ilipokwisha, akaipakia kwa kampuni moja inayohifadhi bure tovuti za wanaoanza. Faili zote zikapanda. Akafungua tovuti. Ukurasa haupo! Siku tatu, haupo. Binti akasoma maelekezo, akagundua kosa. Ukurasa wa kwanza lazima uitwe kwa Kiingereza, "index". Mama alikuwa ameuita "karibu".

"Badilisha tu jina, mama."

"Sibadilishi. Mgeni akinibishia hodi, nimwambie index?"

Alikesha? Hapana, alilala vizuri tu. Ila kila asubuhi, wiki nzima, alisoma maelekezo mwenyewe, mpaka akapata njia. Alitengeneza faili ndogo inayoitwa index, kazi yake moja tu: kumpeleka mgeni kwenye ukurasa wa "karibu".

"Huyo index ni bawabu," alisema. "Afungue mlango, anyamaze."

Tovuti ikafunguka. Ina majina sitini na moja. Wanawake watatu aliwakumbuka kwa mashine zao tu: ya nne, ya kumi na tisa, ya thelathini. Majina yao yalikuwa yamempotea, na hilo lilimliza. Kwenye kurasa zao, mistari ya majina akaiacha wazi.

Kiwanda kikamwandikia aifute, kwa kuwa si tovuti rasmi. Alijibu sentensi moja: "Nionyesheni jina moja la uongo, nitalifuta." Hawajaonyesha mpaka leo.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wafumaji wote waliobaki: poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayesikiliza, mama yako alifanya kazi gani? Muulize leo, angali anaweza kukujibu.

Ijumaa, baada ya mazishi, bibi mmoja mwenye mkongojo alimshika binti mkono. Hakuanza na pole. Alisema, "Mashine ya kumi na tisa ilikuwa yangu. Andika."

Binti ameandika. Imebaki mistari miwili, wasikilizaji wapendwa. Mashine ya nne na mashine ya thelathini. Kama ilikuwa yako, au ya mama yako, jitokeze uandikwe. Usingoje kiwanda kikuone.