Aliyechoka Kuitwa Muujiza

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa tatu kati ya watano wa mshona viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akaingia chuo cha ushonaji. Alitoka na cheti, pamoja na futi ya kamba ya kupimia shingoni ambayo hakuivua tena hata akienda sokoni. Ndiyo maana wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Futi.

Mwaka 1984 aliajiriwa kukata sare za shule katika karakana ambamo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alimpata humo humo, alipopeleka suruali ipunguzwe.

"Suruali haina kosa," marehemu alimwambia. "Mguu wako mmoja ndio mfupi."

Mwalimu husema kwamba mwanamke asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hapatikani kirahisi. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Agosti 2009 aliugua mapafu, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia, akarudi nyumbani Oktoba. Mwili ulipona. Kilichobaki hakikuonekana kwenye picha ya eksirei. Pasi ya mvuke ilipofoka karakanani kama mashine ile, mkasi ulimdondoka, akatoka nje akihema. Nyumbani alilala akiwa ameketi kitini, taa inawaka. Daktari wa akili alikiita kiwewe. Kaka yake mkubwa alicheka, akasema kiwewe ni cha wanajeshi.

"Basi nipeni na cheo," marehemu akamjibu.

Mpiga pasi hakuuliza kitu. Tangu siku ile alianza kusema, "Mama Futi, naachia," kabla ya kuachia mvuke. Marehemu alikuwa akishika meza, mvuke unapita, kazi inaendelea. Hakuna aliyemfaa kuliko huyo.

Ndugu walifanya kinyume. Kila Oktoba kaka mkubwa aliandaa sherehe ya shukrani nyumbani kwake, akamsimamisha dada yake atoe ushuhuda. Marehemu akishindwa, kaka alisimulia kwa niaba yake, na kila mwaka chumvi iliongezeka. Baada ya kila sherehe marehemu hakupata usingizi kwa majuma. Akilalamika, aliambiwa hana shukrani. Si amepona? Wangapi hawakupona?

Mwaka 2017, kaka alipofika pale ambapo madaktari wanakata tamaa na kuzima mashine, marehemu aliinuka.

"Kaka, hiyo mashine haikuzimwa. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, na kila mwaka mnanirudisha mle ndani halafu mnakata keki."

"Mdogo wangu, watu wanatiwa moyo."

"Watiwe moyo na mwingine. Mimi si muujiza, mimi ni mkata sare. Na nikifa, msinisimulie hivyo."

Sherehe haikufanyika tena. Polepole marehemu alirudi kulala kitandani. Si siku zote, lakini siku nyingi. Karakanani mvuke uliendelea kumshtua mpaka alipostaafu, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Tarehe 9 Machi 2025 alipatwa na kiharusi akiwa nyumbani, akafariki alasiri ya siku hiyo hiyo, mumewe akiwa kando yake.

Wasifu huu ulipokuwa ukiandikwa, kaka mkubwa aliomba muujiza uwekwe, japo kwa ufupi.

"Watu wanakuja kuusikia," alisema. "Wasifu bila muujiza ni chai bila sukari."

"Tutainywa hivyo hivyo," mwalimu akamjibu.

Kaka akasema, basi yeye atashika jeneza upande wa kichwani, na hatasema neno.

Kwa hiyo aya mliyoisubiri haimo humu. Atakayeulizwa huko nje aseme kwamba marehemu alikata sare za shule kwa miaka thelathini na saba, na watoto wa watu walipendeza.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wawili, kaka mkubwa, na mdogo wake wa kike aliyeandika haya. Apumzike kwa amani, nasi tusimwamshe.