Mwamshe Tumwone

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila sisi kuziomba, na atakayezichukua bila kutuomba ruhusa.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa. Baba Paroko, Mchungaji, na masheikh wenzangu. Madaktari na wauguzi. Wazee wa Singe, Nangara na Sigino. Nanyi akina mama mliokuja na watoto migongoni: nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya dini yake, na wote kwa amani.

Mimi ni Bushiri, mliyenizoea nikipima vitambaa dukani kabla hamjanizoea nikihutubu msikitini. Nimeombwa nimuage Daktari Xaveria, anayestaafu leo baada ya kuutumia umri wake wote wa kazi katika tiba ya dharura ya watoto na katika utafiti wa tiba hiyo. Nilidhani kazi hii angepewa msomi mwenzake. Lakini yeye mwenyewe alisema, "Namtaka Sheikh, maana nina ombi ambalo daktari hawezi kulitimiza." Ombi hilo nitalisema. Kwanza niwaeleze lilikotoka.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa Sigino alimbeba mwanawe wa kwanza, Melkiadi, aliyekuwa na homa kali, akampeleka kwenye kituo cha tiba ambacho jina lake halina faida kwetu leo. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi wa mapokezi, aliyekuwa peke yake, akamuuliza kama alivyowauliza wote:

"Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Amelala, dada."

"Mungu ashukuriwe. Basi usimsumbue, mwache apumzike. Kaa pale."

Akakaa. Kumbe mtoto hakuwa katika usingizi huu tunaoujua. Walipomkimbiza hospitalini kwa Daktari Xaveria, hakukuwa na la kufanya ila kumfumba macho. Daktari akauliza kwa upole, "Mama, mbona hukuwaambia kwamba haamki?" Mama akamtazama kwa mshangao. "Niliwaambia, daktari. Niliwaambia amelala."

Ndugu zangu, jibu hilo tulilifanyia nini sisi watu wa mji huu? Tuliligeuza dhihaka. Bombani, mnadani, hata nje ya nyumba za ibada watu wakitoka kusali, zilisikika sauti: "Mama Amelala huyo anapita! Usimpe mwanao ambebe, atamlaza!" Desturi yetu ni kumheshimu mama kwa kumwita jina la mwanawe. Huyu alifiwa na mwana, kisha tukamnyang'anya na jina.

Daktari Xaveria hakucheka, wala hakuishia kusikitika. Wengine walisikia mama mwongo. Yeye alisikia neno ambalo hakulielewa, akaona aibu kutolielewa, akaondoka kwenda kulitafuta. Alikwenda nyumba kwa nyumba, Singe na Nangara, akiketi jikoni na akina mama na kuwauliza: mtoto akizidiwa, mnasemaje? Daktari Wiliam, rafiki yake, ambaye namwona pale akijificha nyuma ya miwani, alimtania mbele ya wenzake: "Tumesomeshwa magonjwa, mwenzetu anakwenda kutafiti usingizi!"

Lakini Mama Hadija wa Nangara alimjibu Daktari Xaveria neno ambalo wasomi hawakulifikiria. Alimwambia, "Daktari, maneno huumba. Nitasemaje mwanangu haamki, naye bado ana joto mgongoni kwangu? Nikishalitamka, si nimemkabidhi?" Na kila nyumba ilisema vivyo hivyo kwa njia yake. Mtoto aliyesinzia baada ya kunyonya, amelala. Mtoto aliyepoteza fahamu, naye amelala. Neno ni moja, kwa sababu mama hatamki mauti juu ya mtoto anayepumua.

Walimu wetu wa dini walitufundisha kwamba usingizi ni ndugu wa mauti. Ikiwa ndugu hao wanafanana hata wenye elimu wakatahadhari, je, lilikuwa kosa la mama kuwaita kwa jina moja, au lilikuwa kosa letu sisi tuliokaa mezani tukauliza kwa midomo bila kutazama kwa macho?

Hapo ndipo ulipozaliwa utafiti wake mkubwa, na wauguzi wote mliopo hapa mnaufahamu kwa maneno mawili: "Mwamshe tumwone." Mpokezi asiulize tu mtoto anaendeleaje, amwombe mama amwamshe palepale. Asiyeamka, hana foleni. Daktari Wiliam alipinga: "Xaveria, ukiwaamsha wote, mapokezi yatakuwa mnada wa mbuzi!" Naye akamjibu, "Mtoto anayelia, Wiliam, nitamsubirisha bila hofu. Anayenitisha ni yule mpole."

Hata hivyo hakutaka aaminiwe kwa sababu ya uchungu wake. Huruma isiyopimwa hukosea kama ukali usiopimwa. Kwa hiyo alipima, mwaka baada ya mwaka, akilinganisha njia ya zamani na njia mpya, akiwafuatilia watoto mpaka majumbani. Mtoto alitibiwa kwanza. Ruhusa ya kumtia katika utafiti iliombwa mama akishatulia, na mama aliyekataa hakununiwa, wala habari za mwanawe hazikutumiwa. Leo wapo watoto wanaokwenda shule katika mji huu kwa sababu mtu aliomba waamshwe.

Sasa ombi. Tulipokwenda kumuuliza angependa zawadi gani, tukataja mtamba. Akacheka. "Mtamba nitampokea, Sheikh, mimi ni Mmbulu, sikatai ng'ombe. Lakini nataka mseme hadharani kwamba yule mama hakumuua mwanawe. Mimi nimeshaliandika, kwa lugha ambayo Sigino hawaisomi. Wewe liseme mahali wanapokusikia."

Nilikwenda Sigino kumwomba mama ruhusa. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Akaniuliza, "Na wakinicheka tena, Sheikh?" Nikamwambia, "Watakaokucheka watakuwa wamenicheka mimi kwanza." Akapukuchua hindi zima, ndipo akasema, "Nitakuja. Lakini nitakaa nyuma."

Amekaa nyuma. Msigeuke kumtazama, mmeshamtazama vya kutosha.

Mbele ya Mungu na mbele yenu, nikiwa na ushahidi wa daktari mkononi na elimu ya walimu wangu kifuani, nasema: mama huyu hakudanganya wala hakuzembea. Aliomba msaada kwa neno pekee ambalo mapenzi yake yaliweza kulitamka, na waliopaswa kumfahamu hawakumfahamu. Lile jina la dhihaka lisitoke tena katika kinywa cha mtu yeyote aliyenisikia leo.

Daktari Xaveria, Mungu akulipe kheri, akupe pumziko lenye afya. Nanyi nyote, kwa utulivu mlionipa, nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Vijana, kwenu nina neno la mwisho. Mkikutana naye kesho sokoni, semeni, "Shikamoo, Mama Melkiadi." Akichelewa kuitikia, msiondoke. Ni muda mrefu hajaitwa hivyo. Huenda asijue mara moja kwamba ni yeye.