Nicodemo Margwe, Aliyelima kwa Kompyuta

Ndugu Nicodemo Margwe, mwalimu wa udereva wa trekta hapa kituoni Mogitu, anastaafu tarehe 30 Juni 2015 baada ya miaka kumi na tisa ya kazi. Anastaafu kwa sababu umri umefika, si kwa sababu amechoka. Mkimwachia, tarehe 1 Julai mtamkuta getini na ovaroli lake.

Mkuu wa kituo alitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu mwenye cheti. Nikamwambia hao wenye vyeti wamemkuta juzi. Mimi ndiye niliyempikia tangu alipofika. Na ninyi mnaosoma jarida hili huku mnakula maharage yangu, tulieni msome mpaka mwisho.

Nicodemo ni mtu wa Gehandu. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali hapa Hanang, akiendesha matrekta yenye matairi yaliyomzidi urefu. Ikaja enzi ya soko huria, mashamba yakaenda kwa watu binafsi, na madereva wengi wakarudi nyumbani kuchunga. Yeye alichunga msimu mmoja tu. Alisema ng'ombe wamemshinda kwa sababu hawana breki. Mwaka 1996 akaja kwetu, spana zake kwenye kiroba, akauliza trekta liko wapi kabla hajauliza mshahara.

Alifundisha kwa kelele. Ukikanyaga klachi vibaya, Mogitu nzima ilijua jina lako. Lakini hakubagua mtu. Fransiska alipokuwa msichana wa kwanza kujiunga na udereva, baba yake alikuja na fimbo kumtoa. Akamkuta juu ya trekta, matuta yamenyooka nyuma yake. Fransiska akapaza sauti, "Shikamoo, baba!" bila kupunguza mwendo. Mzee akaitikia marahaba, akatafuta jiwe akakaa, akatazama mpaka jua likawa la utosi. Alipoondoka aliuliza kama kuna nafasi ya mdogo wa Fransiska.

Sasa nije kwenye habari yenyewe, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Mwaka 2012 trekta letu lilivunjika giaboksi, na spea ikawa haionekani popote. Mzee Bura, mwenyekiti wa bodi, akasimama mbele yetu sote akasema, "Darasa la udereva lisilo na cha kuendesha si darasa. Nikija Ijumaa nikute wanafunzi wanaendesha kitu. La sivyo tunalifunga, na hizo kompyuta nne zinakwenda Babati." Tangu tupewe mkoa wetu wa Manyara, kila kizuri kikionekana kinaitwa kwenda Babati, makao makuu. Nicodemo siku hiyo alirudisha sahani yangu ikiwa imejaa. Hajawahi kunifanyia hivyo tena, na asijaribu.

Aliyemwokoa ni Seifu, muuza simu wa Katesh, ambaye Nicodemo aliwahi kumfundisha. Alimletea CD ya mchezo wa kuendesha trekta kwenye kompyuta. Kumbe huko duniani watu wanalipa ili wacheze kulima! Sisi tumelima maisha yetu yote, hakuna aliyetuambia kwamba ni mchezo.

Tukautia kwenye kompyuta. Mchezo ukadai namba zilizoandikwa nyuma ya kasha, ili uwaulize walioutengeneza, kwa intaneti, kama haukuibwa. Nicodemo akaziandika kwa kidole kimoja. Kigurudumu kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, halafu mchezo wote ukajifunga, kama mlango wa mchoyo aliyeona wageni. Akarudia. Ukajifunga. Tukajaribu kompyuta zote nne, na zote zikatufungia usoni.

Hilda, mwalimu wetu wa kompyuta, akaufuta mchezo akaupakia upya. Akazima kinga ya virusi. Akaifunga modemu kwenye fito dirishani, ielekee mlimani. Wapi! Nicodemo naye akaipuliza CD, akaifuta kwa kanga yangu bila kuniomba, akaipiga kompyuta ubavuni.

"We Nicodemo," nikamwambia, "hiyo si injini, haina nozeli!"

"Dada Genoveva, kila mashine ina mahali pake pa kugongwa."

"Basi na wewe ninapajua pako."

Alhamisi asubuhi, Hilda akampigia Seifu simu, akaweka sauti kubwa. Seifu akashangaa. "Mbona hapa dukani unafunguka, mwalimu? Sasa hivi nalima!" Na kweli, tukasikia trekta likinguruma ndani ya simu. Nicodemo akakaa chini kama aliyefiwa.

Hilda ana akili. Akamwambia Seifu asome kila kitu anachokiona kwenye kioo chake, kuanzia juu mpaka chini, na yeye analinganisha na chetu. Vyote vikalingana mpaka wakafika kwenye pembe ya chini. Seifu akasoma saa: nane na dakika kumi. Yetu iliandika mbili na dakika kumi.

Nicodemo akaruka. "Huyo ndiye aliyekosea! Saa nane watu wanakula mchana! Seifu, chungulia nje, jua liko wapi?"

Niwaeleze ninyi mliokuja baadaye. Kompyuta zilipofika, Nicodemo hakuvumilia kuona zinaandika nane wakati wanafunzi wanakunywa uji wa saa mbili. Akazigeuza zote zifuate saa zetu, na kila zilipojirudisha akazigeuza tena. Kituo kizima kilimsifu. Mimi pia nilimsifu na bado namsifu, maana hakuna mashine nyingine iliyowahi kukubaliana na sufuria zangu.

"Mwalimu," Hilda akasema taratibu, "mchezo unauliza kwao. Kwao wanajua hapa kumekucha. Kompyuta yako inawaambia bado ni usiku. Wanatuona wezi, wanafunga."

"Basi wabadilishe ya kwao!" Akakunja mikono.

Hapo uvumilivu ukaniishia. "Nicodemo Margwe, wanafunzi wako hao hapo nje, wamepanda trekta bovu wanaigiza gia kwa midomo. Kesho Bura anakuja. Unataka saa au unataka darasa? Chagua upesi, nimeacha mboga jikoni."

Akatazama dirishani. Vijana walikuwa wanabishana nani ashike usukani, trekta lenyewe halina hata uhai. Akageuka, akairekebisha saa mwenyewe, kompyuta moja baada ya nyingine, anasonya kwa kila moja. Kisha akaandika zile namba. Kigurudumu kikazunguka. Hilda akaushika mkono wangu mpaka ukauma. Halafu kioo kikawa kijani, shamba hilo, na katikati yake trekta jekundu linatungoja.

Jamani! Nicodemo alimkumbatia Hilda, akaikumbatia modemu, akaja kunikumbatia mimi nikampiga kwa mwiko. Wanafunzi waliingilia madirishani.

Ijumaa Mzee Bura alikuja, uso umekunjwa. Vijana wakaendesha mbele yake, gia kwa gia, hakuna aliyetetemeka. Akasema, "Hebu niachie nijaribu." Akaingiza trekta mtoni. "Nani ameweka mto hapa?" akafoka. Akaanza upya, akalitumbukiza tena. Tukamwita chakulani, hakusikia. Aliponyanyuka hatimaye, alikuwa anacheka peke yake. "Darasa linabaki," akasema. "Na kompyuta zisiguswe."

Mwaka uliofuata bodi ilinunua giaboksi. Tangu hapo wanafunzi huanza kwenye kompyuta, ndipo wapande trekta la kweli, na seng'enge za majirani zimepona. Wahitimu wake leo wanalima kuanzia Katesh mpaka Haydom. Kasoro zake pia ninazo nyingi, ila nimeambiwa nisizidishe ukurasa.

Siku ya kumuaga, mkuu alitaka darasa la udereva lisifanyike, kwa heshima yake. Nimemkatalia. Mkisikia trekta linanguruma nyuma ya jiko wakati wageni wanahutubia, wahutubie kwa sauti zaidi.

Asante sana, Nicodemo. Rudi Gehandu kwa mkeo Gaudensia, ujifunze kula ukiwa umekaa. Sisi wote hapa kituoni tunakuombea miaka mingi, mvua ya kutosha na magoti yasiyouma.

Genoveva Tluway,
Jikoni