Nyota za Marambo

Ndani ya gari la Ruangwa, Mwalimu Makrina alimwambia bibi aliyeketi kando yake kwamba Krismasi imekwisha, na leo akirudi Marambo atazitoa taa alizoning'iniza barazani. Bibi akageuka mzima mzima.

“Kumbe ni zako! Sisi tuko ng'ambo ya bonde. Mume wangu ana mtoto wa jicho, hanioni hata nikisimama mbele yake; mwanga tu ndio anaoutambua. Lakini zilipowaka alinishika mkono: ‘Mwantumu, naona nyota!’ Sasa kila jioni anakaa uani, anazifuata kwa kidole.”

Makrina akamgeukia. Taa zenyewe ni kamba moja tu ya mnadani. “Lakini bibi, ni za sikukuu yetu.”

“Swala hatujaacha, mwalimu. Tunatazama tu.”

Gari likasimama. Bi Mwantumu akajitanda ushungi. “Haya, zitoe. Ila uje umwambie wewe. Mimi siwezi.”