Ufunguo wa Maabara ya Dada

Waombolezaji wapendwa, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, familia imenituma nisome maisha ya dada yetu mkubwa.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mwalimu na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya nyumba yetu, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, ambako mwaka 1986 alipata shahada ya uzamivu kwa kuonyesha kwamba maharage yakichanganywa na majivu hayabunguliwi na wadudu. Mwaka uliofuata aliajiriwa chuoni hapo, akaolewa na fundi umeme, shemeji yetu mcheshi, aliyefunga nyaya za maabara yake huku akilalamika kwamba chumba kile ni mume mwenzake, wakajaliwa mabinti wawili.

Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata aliyeingia jana, dada alimkabidhi kopo la maharage na kumwamuru aurudie utafiti ule kwa mikono yake. Mwaka 2009 binti wa mwaka wa pili, aliyekuwa ameshaamua kuacha chuo, alileta kopo lililojaa wadudu licha ya majivu, maana alilifungua kila siku kama mama yake afanyavyo jikoni, ilhali katika utafiti wake dada aliyafunga makopo hadi mwisho. Wahadhiri wenzake walimsihi dada anyamaze, yeye akachapisha masahihisho, jina la binti likatangulia, na binti huyo leo ni mtafiti wa nafaka, ndiye aliyenishikia kipaza sauti. Tangu hapo idara haikumpa nafasi ya kupumua, eti wanafunzi wakariri kwanza, maabara yake igeuzwe stoo.

Dada aliugua figo tangu Januari 2023, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, wodi ya wanawake, ufunguo wa maabara ukiwa chini ya mto, baada ya kuniapisha nisimpe mtu asiye na kopo mkononi.

Mkuu wa idara, nakuona mstari wa pili, ahsante kwa kufika, ingawa jana ulituma mtu kuudai ufunguo huo kabla jeneza halijafika nyumbani, nami nikamrudisha mikono mitupu. Wanafunzi wake wamesimama pale nyuma, wote na makopo yao, basi wewe wa mwaka wa kwanza, mwanangu, pita mbele uuchukue, watu wote wakiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, hata mliompinga.

Pumzika kwa amani, dada yangu, kesho asubuhi wanafunzi wako wanaifungua maabara.